Mhuri Uliozama Katika Kijivu

Karatasi yenyewe ni risiti ya shamba. Imepigwa kwa taipureta, imekunjwa mara nne, na kwenye kona ya chini kulia ina mhuri wa zambarau uliofifia hadi kufanana na kivuli. Kando yake chai iliwahi kumwagika, na doa la kahawia limetambaa mpaka kwenye mstari wa mwisho. Niliipeleka steshenari kuiskani kwa sababu ndugu zangu walitaka nakala ya kuambatisha kwenye maombi ya hati. Kijana wa pale aliitazama mara moja akasema, "Mama, nakuwekea nyeusi na nyeupe, faili litakuwa dogo, mfumo hautalikataa." Nikakubali. Nilipolifungua nyumbani, doa la chai lilikuwa limegeuka mabaka meusi, na mhuri haupo. Si kwamba umefifia zaidi, haupo kabisa. Karatasi iliyotunza mhuri wake kwa miaka yote ile iliupoteza kwa sekunde chache chini ya kioo.

Kijana yule hakufanya uzembe. Alibonyeza kitufe kinachobonyezwa kila siku katika kila steshenari, na kitufe kikafanya kilichoagizwa. Ila ndani ya kitufe hicho kuna uamuzi: rangi ipi ibaki na ipi ife. Uamuzi huo ulifanywa zamani na watu ambao hawajaiona karatasi yako, na hawakuwa wakifikiria mihuri wala madoa ya chai. Mwenye karatasi anaweza kuuchukua mikononi mwake, akishajua kwamba upo.

Tuanze na jina, maana lenyewe linachanganya. "Nyeusi na nyeupe" katika mazungumzo ya kawaida ni vitu viwili. Kuna picha ya kijivu, ambayo kila nukta yake inaweza kushika ngazi moja kati ya 256, kuanzia giza totoro hadi weupe. Na kuna picha ya biti moja, ambayo kila nukta ni nyeusi au nyeupe, katikati hakuna kitu. Mashine nyingi za ofisini zikiambiwa nyeusi na nyeupe hutoa hiyo ya pili. Kijivu kina kitufe chake. Mhuri wangu basi ulipitia mitihani miwili mfululizo. Kwanza uligeuzwa kijivu, kisha kijivu kikakatwa mafungu mawili. Uliangukia kwenye mtihani wa pili, lakini jeraha ulilipata kwenye ule wa kwanza.

Ndani ya skana ya mezani kuna mwanga unaotembea chini ya kioo. Katika aina moja ya mashine taa ni nyeupe, na vihisi vimevalishwa vichujio vya nyekundu, kijani na buluu. Katika aina nyingine, ile nyembamba na nyepesi inayouzwa bei nafuu, taa zenyewe ni tatu na huwaka kwa zamu, mstari kwa mstari; kihisi hakijui rangi, kinapima tu mwanga uliorudi. Kwa njia yoyote kati ya hizo, ukiskani kwa rangi kila nukta ya karatasi hupata namba tatu, kila moja kati ya 0 na 255. Ukichagua kijivu, baadhi ya mashine za aina hii ya pili huwasha taa ya kijani peke yake ili kazi iende haraka. Hapo nyekundu na buluu hazikutupwa, kwa sababu hazikupimwa hata kidogo. Hakuna programu itakayozirudisha baadaye, na hii peke yake inanitosha kuwaambia watu waskani kwa rangi kwanza, hata kama wanachotaka mwishoni ni kijivu.

Sasa namba tatu zinakuwaje moja? Njia rahisi ni kuzijumlisha na kugawanya kwa tatu. Njia iliyozoeleka zaidi ni kuzipa uzito: nyekundu 0.299, kijani 0.587, buluu 0.114. Uzito huu haukutungwa kwa ajili ya karatasi. Ulitokana na kanuni za televisheni ya rangi ya Marekani za mwaka 1953, wahandisi walipotaka kurusha matangazo ya rangi bila kuwanyima picha watu wenye seti za zamani. Walifuata jinsi jicho linavyoona mwangaza: kijani hubeba sehemu kubwa, buluu hubeba kidogo mno. Televisheni za kisasa zilipokuja na rangi za msingi tofauti, uzito ukawa 0.2126, 0.7152 na 0.0722. Programu moja hutumia ule wa kwanza, nyingine huu wa pili, na aghalabu mtumiaji haambiwi.

Tofauti yake si ya kupuuza. Chukua nyekundu tupu, ile ya 255, 0, 0. Ukigawanya kwa tatu unapata 85. Kwa uzito wa 1953 unapata 76. Kwa uzito mpya unapata 54, karibu na weusi. Ukitumia uzito huo mpya lakini kwanza ukazirudisha namba kwenye kipimo halisi cha mwanga, kabla ya kupindishwa ili zifae kwenye kioo cha kompyuta, unapata 127, yaani katikati hasa. Na ukitumia ile amri ya kuondoa rangi inayochukua wastani wa namba kubwa na ndogo, unapata 128. Kwa amri hiyo kijani tupu nayo ni 128, na buluu tupu ni 128. Bendera ya rangi hizo tatu inageuka kipande kimoja cha kijivu kisicho na mpaka. Nyekundu ni ileile, majibu ni matano. Kwa hiyo mtu akiniambia amegeuza picha kuwa ya kijivu "kawaida tu", namuuliza kawaida ya nani.

Wapiga picha walilijua hili zamani sana kabla ya skana. Sahani za mwanzo za picha ziliona buluu na zambarau tu. Mbingu ilitoka nyeupe kama karatasi, na midomo na nguo nyekundu zikatoka nyeusi. Mwaka 1873 mkemia Mjerumani Hermann Wilhelm Vogel aligundua kwamba sahani ikitiwa rangi fulani huanza kuona kijani na manjano. Kampuni ya Wratten & Wainwright ya Uingereza ilianza kuuza sahani zinazoona rangi zote mwaka 1906. Kuanzia hapo mpiga picha angeweza kuchagua kwa kuweka kichujio mbele ya lenzi. Ansel Adams alipopiga jabali la Half Dome huko California mwaka 1927, kichujio chekundu kiliifanya mbingu ya buluu iwe karibu nyeusi na jabali likasimama mbele yake. Chaneli nyekundu ya skana, yaani ile namba ya nyekundu peke yake, hufanya kazi ileile ya kioo kile chekundu. Tofauti ni kwamba Adams aliamua akiwa mlimani, sahani ikiwa ndani ya kamera, bila nafasi ya kurudi nyuma. Aliyeskani kwa rangi anaamua akiwa amekaa, na akikosea anaanza upya.

Katika nyuso za watu jambo hili linanigusa zaidi. Ngozi ya binadamu, iwe nyeusi iwe nyeupe, hurudisha mwanga mwekundu mwingi kuliko wa buluu. Ukiitazama picha ya rangi kupitia chaneli ya buluu, uso wa mtu mweusi huzama: tundu la jicho, mkunjo wa shavu, kivuli cha pua, vyote vinaingia kwenye giza moja. Kupitia chaneli nyekundu uso huohuo hufunguka na maumbile yake yanaonekana. Wazee wetu waliopigwa picha kwa sahani zisizoona nyekundu walitoka weusi kuliko walivyokuwa machoni pa watu, na nyuso zao zilikosa undani ambao mwanga wa siku ile ulikuwa nao. Hilo limeshapita na sahani zile haziwezi kufundishwa upya. Lakini tunaporudia kosa hilo leo, kwa kuiskani picha ya rangi ya marehemu na kuigeuza kwa amri ya kwanza iliyo karibu ili itoke kwenye kijitabu cha mazishi, mashine inatusingizia. Picha ndogo ya pasipoti yenye mandhari ya buluu ndiyo inayoonyesha wazi kuliko zote. Chaneli ya buluu inampa mandhari nyeupe na uso mweusi tii. Chaneli nyekundu inampa uso wenye mwanga na nyuma yake giza. Aliyemjua marehemu ndiye anayefaa kusema ipi inamfanana, na mara nyingi ni mchanganyiko: nyekundu nyingi, kijani ya kutosha kutunza midomo na macho, buluu kidogo au hakuna.

Mfano ulionifundisha kuliko yote ni kanga ya kisutu. Kisutu kina rangi tatu: nyekundu, nyeusi na nyeupe, na vinakshi vidogo vinavyojirudia nguo nzima. Nilitaka kuchapa picha ya kipande chake kwa kijivu. Nyekundu yake katika skana ilisoma 190, 25, 40. Nyeupe ilikuwa karibu 240 kwenye chaneli zote, nyeusi karibu 20. Nikatazama chaneli ya kijani peke yake: nyekundu 25, nyeusi 20. Nakshi nyekundu zikameza nyeusi, kanga ikawa ya rangi mbili. Nikaenda chaneli nyekundu: nyekundu 190, nyeupe 240. Sasa nakshi nyekundu zikayeyukia kwenye nyeupe, kanga ikawa ya rangi mbili tena, lakini si zilezile. Uzito wa televisheni ukaipa nyekundu 76, giza ambalo kwenye karatasi ya kawaida lilishikamana na nyeusi. Mwisho nikaweka nyekundu 0.6, kijani 0.3, buluu 0.1, na nyekundu ikakaa kwenye 126, karibu nusu ya njia kati ya 20 na 240. Kwa mara ya kwanza kisutu kikaonekana kuwa kisutu. Hakuna kitabu kilichonipa namba hizo; nilizipata kwa kujua kwamba nguo ile ina rangi tatu na kukataa kuona mbili.

Turudi kwenye karatasi, maana huko ndiko watu wengi wanakoumia. Kanuni ya kwanza ni rahisi kuikumbuka: wino huonekana mweusi zaidi kwenye chaneli ya rangi unayoimeza, na hutoweka kwenye chaneli ya rangi yake. Mhuri mwekundu hupotea kwenye chaneli nyekundu na huwa mweusi kwenye kijani na buluu. Sahihi ya kalamu ya buluu hukoza kwenye nyekundu. Mhuri wa zambarau hukoza kwenye kijani. Wino wa zamani uliogeuka kahawia huonekana vizuri kwenye buluu, lakini umanjano wa karatasi nao hukoza hapohapo, kwa hiyo unalipa kwa mkono wa pili ulichopata kwa wa kwanza. Madoa ya manjano na kahawia hulainika kwenye nyekundu. Ndiyo maana picha ya zamani isiyo na rangi, iliyochafuka kwa umanjano, ni bora iskaniwe kwa rangi na kisha ichukuliwe chaneli nyekundu. Watu huona ajabu kuskani kwa rangi kitu kisicho na rangi. Uchafu wake una rangi, na hiyo rangi ndiyo mpini wa kuushikia. Na zile picha za rangi za miaka ya 1970 zilizogeuka wekundu mtupu kwenye albamu? Nyingi zimepoteza ile rangi ya samawati iliyokuwa ikiumeza mwanga mwekundu, hivyo chaneli yao nyekundu imepauka na kubaki karibu tupu. Picha bado imo kwenye kijani. Ukiigeuza kwa kijani peke yake, unaweza kumpata mtu uliyedhani ameshapotea.

Biashara ya kuchakata fomu inaijua kanuni hii vizuri sana. Fomu huchapwa kwa mistari myekundu au ya kijani, skana ikaambiwa iiangushe rangi hiyo, na kinachobaki ni maandishi ya mjazaji peke yake, rahisi kwa kompyuta kuyasoma. Ni mbinu nzuri. Ila mashine iliyoachwa katika mpangilio huo, kisha ikapewa cheti chenye mhuri mwekundu, itauangusha mhuri kwa uaminifu uleule.

Kanuni ya pili hutumika pale ya kwanza inaposhindwa, na risiti yangu ni ya namna hiyo. Programu ya picha ilinisomea hivi: karatasi safi 240, 232, 210, doa la chai 205, 175, 130, mhuri 185, 160, 205, herufi za taipureta karibu 50, 45, 45. Kwa uzito wa 1953 karatasi inakuwa 232, doa 179, mhuri 173. Tazama hizo mbili za mwisho. Jicho linaona kahawia na zambarau, wala haliwezi kuzichanganya. Kijivu kimezifanya mapacha. Kila kitu kitakachoukoza mhuri kitalikoza doa, na kila kitakacholifuta doa kitaufuta mhuri. Hakuna chaneli moja inayonisaidia vya kutosha: kwenye kijani zinatofautiana kwa 15 tu, kwenye nyekundu kwa 20, na kwenye buluu doa ndilo jeusi kuliko mhuri.

Lakini hapo kwenye buluu ndipo ufunguo ulipo. Doa linaimeza buluu, mhuri unairudisha. Basi buluu ipewe uzito hasi, yaani itolewe badala ya kuongezwa. Niliweka nyekundu 0.5, kijani 1.1, buluu kutoa 0.6. Jumla yake ni moja, kwa hiyo kijivu safi hakisogei. Karatasi ikawa 249, doa likapanda hadi 217, mhuri ukashuka hadi 146, herufi zikabaki 48. Kutoka pengo la 6 hadi pengo la 71. Tarehe ya katikati ya mhuri, ambayo hata kwa macho niliisoma kwa kuikisia, ilijitokeza herufi kwa herufi.

Nguvu hii ina gharama. Kuitoa chaneli moja kwenye nyingine hukuza chengachenga za kihisi. Kwa namba nilizotumia, chenga hizo huwa takriban mara mbili ya zile za uzito wa kawaida, na chaneli ya buluu mara nyingi ndiyo yenye chenga nyingi kuliko zote. Gharama nyingine imejificha kwenye faili. Picha ya JPEG kwa kawaida hutunza mwangaza wa kila nukta lakini huibana zaidi habari ya rangi, mara nyingi kwa kubakiza sampuli moja ya rangi kwa kila nukta nne. Macho hayatambui, lakini ukizivuta chaneli mbalimbali utaona miraba ikichomoza pembeni mwa mhuri. Ndiyo maana faili la kufanyia kazi liwe TIFF au PNG. Programu zenyewe si za kifalme. GIMP hailipiwi, ina kichanganya chaneli na njia kadhaa za kuondoa rangi, kila moja kwa jina lake; Photoshop tangu toleo la CS3 la mwaka 2007 ina amri yenye vitelezi sita vya rangi.

Baada ya kijivu ndipo kinapokuja kizingiti. Kukata kwenye 128, katikati ya 255, ndilo zoea la zamani: chini yake nyeusi, juu yake nyeupe. Mhuri wangu ulipokuwa 173 ulihesabiwa kuwa karatasi. Mjapani Nobuyuki Otsu alitoa mwaka 1979 njia ya kuiacha picha yenyewe ichague kizingiti, kwa kutafuta mahali panapoyatenganisha vizuri makundi mawili ya namba. Ni njia nzuri kwa karatasi yenye makundi mawili. Karatasi yenye herufi, mhuri, doa na kivuli cha mkunjo ina makundi manne. Ndiyo maana zikaja njia za kukata mahali kwa mahali, kama ile ya Sauvola na Pietikäinen ya mwaka 2000, inayotazama ujirani wa kila nukta kabla ya kuamua. Skana nyingine na programu za kuskani kwa simu hufanya jambo la jamii hiyo, na huenda yale mabaka yangu ya chai yalitokana nayo: njia ya namna hii ikikutana na ukingo mkali wa doa huudhania kuwa maandishi. Ipo pia njia ya Floyd na Steinberg ya mwaka 1976, inayonyunyiza nukta nyeusi na nyeupe ili macho yadhani yanaona kijivu. Kwa picha za nyuso inapendeza. Kwa herufi ndogo inaleta ukurutu.

Ni haki kumsikiliza kijana wa steshenari. Ukurasa wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi una nukta 2,480 kwa 3,508, yaani takriban milioni 8.7. Kwa rangi bila kubanwa ni megabaiti 26. Kwa kijivu ni 8.7. Kwa biti moja ni 1.1 tu, na mbano wa faksi huishusha hadi sehemu ndogo ya hapo. Mfumo wa maombi ukikataa faili linalozidi megabaiti moja au mbili, na kifurushi cha intaneti kinahesabiwa, ushauri wake una maana. Barua safi iliyochapwa leo kwa wino mweusi, isiyo na sahihi ya kalamu wala mhuri, iende biti moja na isomeke vizuri kuliko rangi. Sina ugomvi hapo. Ugomvi wangu unaanza kwenye karatasi yenye ushahidi wa rangi. Kwetu watu wengi hutia sahihi kwa kalamu ya buluu makusudi, ili asili ijulikane mbele ya kopi. Ukiigeuza sahihi hiyo nyeusi umefuta sababu ya kuichagua buluu. Isitoshe, kubana ukurasa wa biti moja kuna hatari yake. Mwaka 2013 Mjerumani David Kriesel alionyesha kwamba baadhi ya mashine za Xerox zilikuwa zikibadilisha tarakimu, 6 ikawa 8, kwa sababu mbano wake ulizifananisha alama zinazokaribiana na kutumia moja badala ya nyingine. Ukurasa ulitoka safi, herufi zimenyooka, na namba ni za uongo.

Nyaraka za pwani zinadai uangalifu zaidi. Misahafu iliyoandikwa kwa mkono huko Siyu, kisiwani Pate, inajulikana kwa nyekundu, nyeusi na manjano yake, na katika miswada mingi ya hati za Kiarabu wino mwekundu hubeba vichwa na alama. Mswada ambao irabu zake ni nyekundu, ukigeuzwa kwa njia inayoiangusha nyekundu, utabaki na konsonanti tupu. Anayesoma Kiswahili kwa hati hiyo anajua uzito wa hasara hiyo. Filamu ndogo zilizopigwa miaka ya 1960, kama zile ambazo Chuo Kikuu cha Syracuse kilizipiga katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Kenya, ni za kijivu. Zimewahudumia watafiti mno, lakini aliyeandika pembeni kwa penseli ya rangi na aliyeandika kwa wino mweusi wamekuwa mtu mmoja ndani yake. Nani alimjibu nani katika faili la serikali mara nyingine lilikuwa jambo la rangi ya wino.

Umbali ambao chaneli zinaweza kufika umeonyeshwa na shajara ya msafiri Mskoti David Livingstone ya mwaka 1871. Karatasi zilimwishia akiwa Manyema, mashariki ya Kongo, akaandika juu ya kurasa kuukuu za gazeti la The Standard la London, kwa wino wa kujitengenezea kutokana na mmea. Humo ndimo alimoandika habari za mauaji ya sokoni Nyangwe ya Julai mwaka ule. Wino ulififia, na mwandiko wake ukawa haukamatiki katikati ya mistari ya gazeti. Mradi ulioongozwa na mtafiti Adrian Wisnicki ulizipiga kurasa hizo kwa mianga mingi, kuanzia ile isiyoonekana ya urujuanimno hadi ile ya infraredi. Wino wa mmea na wino wa kiwanda havikuitikia mianga hiyo kwa namna moja, hivyo picha moja ikatumika kuipunguza nyingine: gazeti likarudi nyuma, mkono wa mwandishi ukaja mbele. Matokeo yalitolewa mwaka 2011. Msingi wa hesabu ni uleule wa risiti yangu ya shamba, chaneli kutolewa kwenye chaneli, ila wao walikuwa na macho mengi kuliko matatu ya skana ya mezani.

Ndugu yangu mmoja aliniuliza swali ambalo nalichukulia kwa uzito wote: ukiupandisha mhuri kwa hesabu, hujaughushi? Nimelifikiria. Uzito wa chaneli hutumika kwa ukurasa mzima kwa namna moja. Hauchori kitu pasipo na wino. Kuchukua brashi na kukoza mhuri peke yake ni jambo jingine, na hilo nisingelifanya. Lakini jibu hili lina thamani kwa mtu anayeweza kulihakiki tu. Afisa aliyepewa faili la kijivu peke yake hana namna ya kujua kama nilitumia uzito au brashi. Kwa hiyo nilipotuma mara ya pili nilituma kurasa mbili: ya kwanza rangi kama ilivyo, doa na yote, imepunguzwa hadi nukta 150 kwa inchi ili mfumo uikubali, ya pili kijivu. Chini ya kijivu niliandika mstari mmoja kwa taipu: nyekundu 0.5, kijani 1.1, buluu kutoa 0.6, ukurasa mzima. Faili kubwa la TIFF lipo kwenye diski mbili, moja kwangu na moja kwa dada yangu Tanga, pamoja na risiti yenyewe ndani ya bahasha, haikunjwi tena.